Moka, mashine ya mkono au ya umeme: espreso ya nyumbani ipi inakufaa?

Mwaka juzi binamu yangu anayeishi Marekani alinitumia mashine ya espreso, ikasafiri ndani ya begi la shangazi kati ya mashuka na viatu vya watoto. Nilikuwa nimeisubiri miezi mitatu. Nikaipangusa, nikaiwekea adapta, nikachomeka jikoni, nikabonyeza. Ikatoa mlio mmoja tu kama mtu aliyekanyagwa kidole chenye donda, kisha moshi wa plastiki ukajaa nyumba. Kuigeuza chini, maandishi madogo: 120V. Soketi zetu ni 230. Sikupata hata kikombe kimoja.

Pesa ya kununua nyingine sikuwa nayo. Nikanunua moka ya vikombe vitatu, ile birika ya kahawa inayowekwa jikoni, na kisagio cha mkono, nikijiambia ni vya kushikilia tu kwa muda. Baadaye niliongeza mashine ya mkono, isiyotumia umeme, na rafiki aliyehama akaniachia mashine yake ya umeme ya bei ya chini. Kwa hiyo nimekaa na hivi vitu jikoni kwangu Tabata, vyote kwa pamoja, na ninachoandika hapa kinatokana na kuvitumia bega kwa bega.

Watu huniuliza, "Ninunue mashine gani?" Mimi huwarudishia swali: kahawa yako utaisagia wapi? Wengi hudhani nimekwepa.

Kwanza kisagio

Espreso ni maji ya moto, nyuzi 90 hadi 96 hivi, yanayosukumwa kwa presha ya bar 9 kupitia kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa. Bar 9 ni karibu mara nne ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo. Kipimo ambacho wengi huanzia siku hizi ni gramu 18 za kahawa zitoe gramu 36 za kinywaji ndani ya sekunde 25 hadi 30.

Sasa jiulize hiyo presha inatoka wapi. Pampu inasukuma, sawa, lakini kinachoyazuia maji ni unga wenyewe. Ukiwa na chenga, maji yanapita kama kwenye kokoto: sekunde nane, kikombe kimejaa, na ukionja ni uchachu wa ndimu bila utamu wowote. Ukiwa laini kupita kiasi, mashine inakoroma, matone yanahesabika, na unachopata ni uchungu na ukakasi unaobaki ulimini. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi nyembamba sana, na ni kisagio peke yake kinachoweza kukufikisha hapo.

Vile visagio vya visu vinavyozunguka kama blenda havifai kwa kazi hii. Vinatoa vumbi na mawe kwa pamoja, na maji hutafuta njia kwenye mawe. Kinu na mchi ni hivyo hivyo. Sikidharau kinu. Kwa kahawa ya kuchemsha kwenye dele kinatosha kabisa, maana pale mashapo yanatua chini na moto unarekebisha mengi. Espreso haina subira hiyo. Unahitaji kisagio cha meno, kile ambacho punje hupita katikati ya meno mawili ya chuma yenye nafasi inayorekebishika kidogo kidogo. Cha mkono kizuri kama Kingrinder K6 kinauzwa karibu dola 100 huko nje. Cha umeme chenye ubora huo ni bei mara mbili au zaidi. Cha mkono kinakudai dakika moja ya kuzungusha kwa gramu 18, na kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu kama punje za mahindi makavu. Mkono utauma wiki ya kwanza.

Kwa hiyo ukiwa na bajeti ya dola 200, msimamo wangu ni kwamba 100 ziende kwenye kisagio, na kinachobaki ndicho kichague mashine. Wauzaji watakuambia kinyume, kwa sababu mashine inang'aa dirishani na kisagio haking'ai.

Moka na ile mashine ya "bar 15"

Hawa ndio wapinzani wa kweli kwa mtu anayeanza, kwa kuwa bei zao zinakaribiana.

Moka ni ile birika ya aluminiamu yenye pande nane ambayo Alfonso Bialetti aliitoa Italia mwaka 1933, akaipa jina la Mokha, bandari ya Yemen iliyokuwa lango la biashara ya kahawa. Presha yake haizidi sana bar 1 au 2, ya mvuke tu. Kwa kipimo cha leo hiyo si espreso. Lakini kuna jambo linalosahaulika: mashine ya Luigi Bezzera ya mwaka 1901, ile iliyoanzisha espreso kwenye mabaa ya Italia, nayo ilisukuma kwa mvuke na presha yake ilikuwa ndogo vivyo hivyo. Bar 9 na lile povu la dhahabu tunaloliita krema vilikuja na Achille Gaggia, aliyeanza na hataza yake ya 1938 kisha akaleta mashine ya mkono wa springi baada ya vita. Moka basi ni ndugu wa espreso ya zamani. Nzito, chungu, haina krema ya kudumu, na ukiijulia ni tamu sana.

Kuijulia kwenyewe ni hivi. Chemsha maji kwanza, uyamimine yakiwa moto kwenye kitako hadi chini kidogo ya ile valvu ya pembeni. Ukianza na maji baridi, chuma kinapata moto muda mrefu na kahawa inaungua kabla hata haijalowana. Jaza unga kwenye kichujio hadi ukingoni, sawazisha kwa kidole, usishindilie. Usagaji uwe kama chumvi laini ya mezani, chenga kidogo kuliko wa espreso. Shika kitako kwa kitambaa ukikaza. Moto mdogo, kifuniko wazi ili uone. Kahawa itaanza kupanda polepole, nyeusi, nzito kama asali. Ikishakuwa rangi ya majani makavu na kuanza kukoroma, epua hapo hapo na utumbukize kitako kwenye sufuria ya maji baridi. Mkoromo ule ni mvuke unaokamua machicha, na uchungu wote ambao watu huilaumu nao moka unatoka pale.

Kero yake ya kila siku ni jiko. Moka ndogo haikai vizuri kwenye vyuma vya jiko la gesi, inayumba, na yangu ilianguka mara mbili kabla fundi wa kuchomelea hajanikatia kipande cha wavu kwa elfu mbili. Ya aluminiamu haifanyi kazi kwenye jiko la induksheni. Tena haipiki nusu: ya vikombe vitatu lazima ijazwe ya vikombe vitatu, na vikombe hivyo ni vile vidogo vya barazani, si magi ya ofisini. Wengi hununua ya vikombe vitatu wakidhani inatosha wageni watatu.

Mpinzani wake ni mashine ya umeme ya plastiki iliyoandikwa "bar 15" kwa herufi kubwa. Namba hiyo ni uwezo wa juu wa pampu tu, haina maana kwamba kahawa itakuwa bora kuliko ya bar 9. Siri ya mashine hizi iko kwenye kichujio. Kichujio cha kawaida kina matundu mengi madogo chini. Cha kwao kina kuta mbili na tundu moja tu la kutokea, dogo kama la sindano. Tundu hilo ndilo linalotengeneza presha badala ya unga, na ndilo linalopiga povu. Kahawa ya pakiti ya mwaka jana itatoka na povu linalofanana na krema, likiliacha ulimi wako ukijiuliza ladha imekwenda wapi.

Jumamosi moja nilizipanga mezani: moka, hiyo ya umeme, na mashine ya mkono aina ya Flair. Kahawa moja, arabika ya Mbinga iliyokaangwa siku kumi nyuma, kisagio kile kile. Waonjaji walikuwa mke wangu, jirani, na mama aliyekuwa amekuja kutusalimia. Ikinywewa kavu, Flair ilikuwa peke yake: krema ya rangi ya hudhurungi, utamu unaofika baadaye, na ladha ya matunda ambayo kwenye vikombe vingine haikuwepo. Tukaongeza maziwa. Mke wangu na jirani wakashindwa kutofautisha moka na ya umeme, wakabishana, wakageuza vikombe, wakashindwa tena. Mama alikisogeza kikombe cha Flair pembeni, akaishika moka, akaomba tangawizi.

"Mwanangu, yaani umelipa pesa yote hiyo upate kahawa ya kijiko kimoja?"

Tukarudia kwa kahawa ya pakiti ya supamaketi iliyokwisha kusagwa. Mambo yakageuka. Flair ilimaliza ndani ya sekunde saba, maji ya rangi tu. Moka ilitoa kitu kinachonyweka. Ya umeme, na tundu lake la udanganyifu, ndiyo iliyoshinda. Hili sikulitarajia, na limenifanya niache kuzicheka zile mashine. Kama hutanunua kisagio, na kama kahawa yako itakuwa ya pakiti daima, nunua ya kuta mbili na usione haya. Ukipata kisagio siku moja, tafuta kichujio cha ukuta mmoja cha kipimo chake (nyingi ni milimita 51) na utashangaa mashine ile ile inavyobadilika.

Mkono au pampu

Ukishakuwa na kisagio cha meno, swali linahamia hapa.

Mashine za mkono kama Flair na Cafelat Robot hazina waya. Unachemsha maji kwenye birika, unamimina juu ya kahawa, unaegemea mkono wa mashine kwa uzito wa mabega na kuhisi kahawa ikikubishia. Ukisaga vibaya unajua kabla hata ya kuonja. Mkono unadondoka bila upinzani, au unagoma kabisa. Hakuna mwalimu bora kuliko huyo. Umeme ukikatika unaendelea kunywa. Hakuna boila ya kuziba, hakuna pampu ya kufa, na ndani ya miaka kadhaa utabadilisha mipira ya kuzibia tu. Flair za bei ya chini huanzia karibu dola 100, Robot ni zaidi ya mara tatu yake lakini ni chuma kitupu na ina urahisi wa kuosha.

Tabu ni mbili. Ya kwanza ni joto: chumba cha Flair kikiwa baridi kinayapoza maji, hivyo lazima ukipashe kwanza kwa maji ya moto au juu ya mvuke wa birika, hasa ukitumia kahawa iliyokaangwa kidogo. Robot inakusamehe zaidi hapo. Ya pili ni wageni. Kikombe kimoja, kwa kusaga, kupasha, kukamua na kusafisha, kinanichukua dakika sita. Wakija watu wanne nakuwa mhudumu wa hoteli nisiyelipwa, na wa kwanza amemaliza kabla wa nne hajapata.

Kwa hao wa nyanda za juu kuna jambo la kuzingatia. Maji huchemka kwa nyuzi pungufu kadiri unavyopanda, kama nyuzi moja kwa kila mita 300. Mombasa na Dar yanachemka 100. Nairobi na Mbeya, kwenye mita 1,700 na ushei, yanachemka karibu 94. Kwa mashine ya mkono hii ina maana kwamba mtu wa Nairobi akifuata video ya Ulaya inayosema "acha maji yapoe kidogo" atapata kikombe chachu. Wewe wa Nairobi mimina yakiwa bado yanatokota. Mimi wa Dar ndiye wa kusubiri nusu dakika nikiwa na kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi.

Upande wa pampu, majina mawili nitakayoyataja ni Gaggia Classic na Sage Bambino. Classic ipo tangu 1991 na haijabadilika sana tumboni. Kichujio cha milimita 58 kama cha mgahawani, mwili wa chuma, vipuri vyake unavipata mtandaoni vyote, na fundi anayeelewa pasi ya umeme ataielewa. Unaiwasha robo saa kabla ili chuma kishike joto. Boila ni moja, kwa hiyo unakamua kahawa kwanza, unabonyeza swichi ya mvuke, unasubiri, ndipo unapiga maziwa. Matoleo mengi ya zamani yaliwekewa presha ya juu kuliko bar 9, na watu hubadilisha springi moja ndogo kuirekebisha. Ni kazi ya jioni moja.

Bambino ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Inapasha maji yakiwa yanapita, iko tayari kwa sekunde tatu, na bomba lake la mvuke linapiga maziwa vizuri kuliko linavyostahili kwa mashine ya ukubwa ule. Ni nyepesi mno, unaishika kwa mkono mmoja unapofunga kichujio. Ndani ni elektroniki, na ikifa sijui fundi wa mtaani kwangu ambaye ningempelekea kwa moyo mweupe. Kwa mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kukimbiza foleni, hiyo robo saa ya Gaggia ni anasa, na ningemwambia achukue Bambino. Kwa mtu anayependa kufungua vitu na bisibisi, Gaggia.

Na hapa ndipo aibu yangu ya mwanzo inaposaidia. Bambino ya Marekani inauzwa kwa jina la Breville na ni ya volti 120. Ya Uingereza inaitwa Sage, ni ya volti 230, na plagi yake ni zile pini tatu za mraba tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa hiyo ukimtuma ndugu, mtume aliyeko London au Muscat, si wa Chicago. Transfoma ya kubeba wati 1,400 ni mzigo kama wa betri ya gari, na pampu ya kule imetengenezwa kwa umeme wa hezi 60 ilhali wetu ni 50.

Umeme wetu unapanda na kushuka. Mashine ya elektroniki iwekee kilinda umeme kama unavyoiwekea friji. Kuhusu LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, usiogope sana. Boila ni ndogo, na ikishapata moto inawaka na kuzima. Jaribu kuisahau ikiwaka mchana kutwa ndipo utaona yuniti zinavyokimbia.

Maji yanaua mashine kuliko umeme. Sehemu nyingi za Dar tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Angalia ndani ya birika lako la umeme: ukiona ukoko mweupe, ujue ukoko huo huo utaota ndani ya boila, kwenye mabomba membamba ambako huwezi kufika na kijiko. Moka unaisugua. Flair haina pa kuotea. Boila inataka asidi ya sitriki kila baada ya miezi michache, au maji ya chupa yasiyo na madini mengi. Mimi huchanganya ya chupa na ya bomba yaliyochujwa, na onja yangu ni kwamba maji yenye chumvi huiua kahawa kabla hata hujaihukumu mashine.

Vidonge

Nitavipitia haraka. Eric Favre alibuni mfumo wa Nespresso miaka ya 1970 na kampuni ikaingia sokoni 1986. Kidonge kina gramu 5 au 6 za kahawa, unabonyeza, unapata kikombe kile kile leo na kesho na keshokutwa. Hakuna kusaga, hakuna kuchafua, hata mtoto wa darasa la tatu anaweza. Kwa ofisi ndogo au mtu asiyetaka kujifunza chochote, ni jibu la haki. Lakini hesabu bei ya kidonge kwa kikombe, na ukikuta duka lenu la mtaa halivileti mwezi mzima, mashine inakuwa pambo. Mimi pia kinanikera kitu kimoja ambacho si cha ladha: kukaa umbali wa basi moja na mashamba ya Kilimanjaro halafu ninunue buni iliyokwenda Uswisi kukaangwa na kurudi ikiwa imevaa aluminiamu.

Kahawa ipi kwa mashine ipi

Chombo ni nusu tu ya habari. Buni ya wiki moja hadi mbili tangu ikaangwe ndiyo inayokamuliwa vizuri. Ikiwa ya jana inatoa gesi nyingi na kurukaruka, ikiwa ya miezi sita haina hata povu. Tafuta pakiti yenye tarehe ya kukaanga, si ya mwisho wa matumizi. Wakaangaji wadogo wapo Dar, Arusha, Moshi, Nairobi, Kampala, na wengi wao ukiwapigia simu watakukaangia siku hiyo hiyo.

Kahawa ya Kenya ya aina ya mbuni iitwayo SL28, kutoka Nyeri, iliyokaangwa kidogo, ina uchachu wa zambarau zilizoiva. Kwenye moka uchachu huo unageuka ukali. Kwenye mashine ya bar 9 ukiikamua ndefu, gramu 18 zitoe 45 au hata 54, maji ya moto kabisa, inakuwa kitu cha kunywa umefumba macho kwa raha. Ndiyo ngumu kuliko zote kuipatia, na ninayemwona anaanza nayo humwonea huruma. Arabika ya Mbinga au ya Kilimanjaro iliyokaangwa wastani ni pole zaidi. Anza na hiyo kwa 1 kwa 2, gramu 18 kwa 36.

Robusta nayo imeonewa. Tunaizungumzia kama kahawa ya viwandani, ilhali Wahaya wameitafuna na kumkaribisha nayo mgeni tangu enzi na enzi, na Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda, ambayo sehemu kubwa ni robusta. Wanaijua kazi yake: krema nzito, mwili mzito, na kafeini karibu mara mbili ya arabika. Ninachonywa kwa maziwa ni arabika saba na robusta ya Kagera tatu, iliyokaangwa hadi mafuta yaanze kuonekana. Nikikamua fupi, gramu 18 kwa 27, maziwa hayaizamishi. Mtu aliyekulia kahawa chungu na kashata barazani atatambua ladha hiyo mara moja, na moka humfikisha huko bila mashine ya laki nane.

Kuhusu maziwa, usinunue mashine kubwa kwa ajili ya bomba la mvuke peke yake. Pasha maziwa hadi sufuria iwe ya moto lakini unaweza kuishika kwa sekunde moja, karibu nyuzi 60, uyamimine kwenye ile chupa ya kahawa ya Kifaransa yenye chujio la kubonyeza, ulipandishe na kulishusha haraka mara ishirini. Povu lake ni laini kuliko la bomba hafifu la mashine za bar 15, ambalo hutoa mapovu ya sabuni.

Nani achukue nini

Shemeji yangu wa Moshi ana kihamba, yaani shamba la nyumbani, buni anaikaanga mwenyewe kwenye kikaango, na umeme wao una tabia ya mvua. Alitaka mashine kubwa. Nilimwambia, "Shem, wewe una kahawa ambayo mimi naililia. Chukua kisagio na Flair." Miezi miwili ya kwanza alinilaumu. Siku hizi hunitumia picha za krema saa kumi na mbili asubuhi.

Rafiki yangu nesi, zamu za usiku, chumba cha kupanga chenye soketi mbili: moka ya vikombe viwili na kisagio cha mkono cha bei nafuu, maana kwa moka hahitaji kile cha dola 100. Anakunywa na maziwa ya unga na anaona inatosha. Kweli inatosha.

Mwenye nyumba wa Mbezi anayepokea wageni kila Jumapili, na pesa ipo, Gaggia Classic pamoja na kisagio cha umeme. Huyu nilimsihi mara tatu asiruke kisagio. Akaruka. Akanunua mashine na pakiti ya supamaketi, akanipigia simu akisema mashine ni mbovu, inatoa maji ya kutu. Nilikwenda na kisagio changu mfukoni, nikamsagia gramu 18 mbele ya wageni wake, nikashindilia, nikawasha. Sekunde ishirini na nane. Kimya kidogo, kisha mkewe akauliza kile kidude kinauzwa wapi.

Na mama alirudi kwao Tanga na ile moka. Hakuniomba, niliikuta tu haipo kabatini, pamoja na wavu wa fundi.